UGONJWA WA AKILI HAUMALIZI MAISHA YA MAMA

Mama, pengine kwako kuna mama mkwe ao dada mwenye kupita miaka 50, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, hana usingizi. Watu wanasema: «Huyu amekwisha.» Hapana! Si uchawi, ni ugonjwa, na dawa iko. Haloperidol ilivumbuliwa Ubelgiji mwaka 1958. Inatuliza sauti zile. Akitulia, anaweza kujifunza kazi mpya.

Fanyeni hivi:

1. Ameze dawa kila siku. Sauti zikinyamaza, asiache. Aendelee angalau mwaka 1, na munganga ndiye ataamua. Mwili ukikakamaa ao mikono ikitetemeka, mumulete upesi: dawa itapunguzwa ao kubadilishwa.

2. Kama soko la zamani lina kelele nyingi kwake, asilazimishwe kulirudia. Aanze kidogo kidogo: kuku wawili, kikapu kimoja, kushona nguo za watoto.

3. Alale vizuri usiku. Pombe asiguse.

4. Pesa ya kazi yake ashike mwenyewe. Anayefanya kazi bila kushika pesa anabaki kama mtoto nyumbani.

Musimufunge kamba, musimufiche. Kila asubuhi mumuulize: «Mama, leo utafanya nini?» Halafu mungojee ajibu.