Kwa nini ndege ya betri bado haijatua Chato?

Mwaka 2018, kwa muda wa miezi sita, ndege ndogo isiyo na rubani ilifanyiwa majaribio ya kuvusha dawa Ziwa Victoria, kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Iliendeshwa kwa betri. Kampuni ya DHL, iliyofanya kazi hiyo pamoja na Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ, ilisema ndege hiyo ilikwenda kilometa 60 kwa wastani wa dakika 40. Kwa njia ya nchi kavu ni kilometa 240, saa sita. Mzigo wake haukuzidi kilo 4.

Basi kama betri imeweza kuvusha dawa ziwani, kwa nini ndege ya abiria inayokuja uwanja wa Geita, pale Chato, bado inajazwa mafuta?

Jibu ni uzito. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa tunayotia kwenye koroboi. Kilo moja ina nishati ya kama uniti 12 za LUKU. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu inatunza kama robo uniti tu. Ni kweli injini ya mafuta hupoteza sehemu kubwa ya nishati kuwa joto, na mota ya umeme haipotezi sana, kwa hiyo pengo linapungua. Lakini hata hivyo, kwa kazi ileile, betri inakuwa nzito zaidi ya mara kumi.

Bodaboda ya umeme haisumbuliwi sana na hilo, maana imesimama juu ya ardhi. Ndege lazima iinue kila kilo. Tena mafuta huungua njiani na ndege inazidi kuwa nyepesi, wakati betri inatua na uzito uleule ilioondoka nao. Aliyewahi kupandisha viroba vya mawe kutoka shimoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Tuangalie Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja inayoonekana sana Mwanza na kwenye mbuga zetu. Tarehe 28 Mei 2020, huko Moses Lake nchini Marekani, kampuni ya magniX na wenzake waliirusha Caravan iliyofungwa mota ya umeme. Ilikaa angani nusu saa, bila abiria, ikiwa na betri ya takriban tani moja. Kampuni ilisema umeme uliotumika uligharimu kama dola 6, wakati mafuta yangezidi dola 300. Hapo ndipo wengi husisimka. Lakini matarajio yao wenyewe yalikuwa kubeba abiria 4 au 5 kwa kilometa 160, katika ndege ambayo kwa kawaida huchukua 9 na zaidi.

Sasa kunjua ramani. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilometa 850 kwa mstari ulionyooka; betri za leo sahau. Lakini Mwanza hadi Chato hazifiki 160, Mwanza hadi Ibadakuli, Shinyanga, vilevile, na Mwanza hadi Bukoba ni kama 175. Safari fupi kama hizi ndizo wahandisi wanazoziwinda. Kinachobana ni akiba: rubani haruhusiwi kuondoka na nishati ya kumfikisha tu, lazima abaki na ya dakika 30 au 45 zaidi, pengine na ya kwenda uwanja mwingine radi za ziwani zikifunga njia. Akiba hiyo inakula betri.

Ndiyo maana wengine wamegeukia ndege mseto, yenye betri pamoja na injini ya mafuta ya kusaidia. Kampuni ya Heart Aerospace, iliyoanzia Sweden, ilitangaza ndege ya viti 30 itakayokwenda kilometa 200 kwa umeme mtupu na 400 kwa mseto.

Haidrojeni nayo ni nyepesi ajabu: kilo moja ina karibu mara tatu ya nishati ya mafuta. Shida ni kuihifadhi, kwani ili iwe kimiminika hupozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Machi 2023 kampuni ya Universal Hydrogen ilirusha Dash 8-300 yenye injini moja ya haidrojeni, ndugu mdogo wa Dash 8-400 za Air Tanzania. Mwaka uliofuata ikafunga milango kwa kukosa fedha. Airbus nayo, iliyokuwa ikitaja 2035, imesogeza mbele mpango wake.

Sisi huku tunahusikaje? Betri nyingi zenye nguvu hutumia nikeli. Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ina mradi wa Tembo Nickel ambamo serikali ina hisa asilimia 16, na kiwanda cha kuisafisha kimepangwa kujengwa Kahama, ulipokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi.

Na siku ndege hiyo ikija, itahitaji pa kuchajiwa. Betri ya tani moja inaweza kumeza hadi uniti 250 kwa mkupuo, na ndege haiwezi kusubiri usiku kucha. Nyumba iliyo kwenye bei ya watumiaji wadogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ingezitumia kwa zaidi ya miezi mitatu.