Khabari za Masama, na Mwizi wa Jamvi Langu

Katika mkutano wetu wa kufunga msimu lilizuka shauri la wizi wa karafuu majamvini, na waliosimama kusema walisema mengi juu ya walinzi, mataa na mbwa. Mimi sikufungua kinywa. Sababu yake ni kwamba mwizi wa jamvi langu nalimjua: ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye kabla ya hapo hapakuwa na kijana mtaani petu wa kushindana naye kwa kupanda mkarafuu. Alianza kuvuta unga, yaani heroini, akawa haamki ila kwa kutafuta kete. Nilimfukuza kwa bakora mbele ya watu, nikalala usingizi nikidhani nimefanya la haki. Mhariri ameniomba niandike khabari za safari yangu ya Masama, nami naona siwezi kuiandika bila ya kuanza na hilo.

Masama iko katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, magharibi ya mji wa Moshi, juu mlimani. Binti yangu ameolewa huko. Mtu wa Pemba hawi mgeni sana akifika: mvua ipo, mabonde yapo, migomba imejaa, na chini ya migomba uko mti wa biashara. Wao kahawa, sisi karafuu. Wakulima wa Kiafrika wa mlima ule waliunda chama chao cha kahawa, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Tena wanafanana nasi katika taabu moja: fedha huja kwa mkupuo, na siku ikijulikana kuwa mkulima kalipwa, muuza ulevi naye ajua njia ya kwake.

Ulevi unaowasumbua zaidi kule ni wa pombe. Mbege yao hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na gome la msesewe hutiwa ili iwe chungu. Zamani ilikuwa na adabu zake, nayo ilinyweka katika sherehe na vikao vya wazee. Mkwe wangu ni mtu wa dini asiyeonja, lakini alinambia mbege siyo iliyovunja nyumba nyingi. Zilivunjwa na gongo, na vile vifuko vya plastiki vya pombe kali vilivyoitwa viroba, vilivyoweza kukaa katika mfuko wa shati la mwanafunzi asionekane. Serikali ilivipiga marufuku viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Gongo nayo imekatazwa, ila haihitaji kiwanda.

Usiku mmoja nilimweleza khabari za mpwa wangu, naye akanieleza za mtoto wa ndugu yake. Kijana huyo aliuza kahawa ingali mtini, jambo ambalo sisi twalijua vizuri kwa karafuu, akalewa fedha zote. Kisha alianguka na bodaboda, akavunjika mguu, akapelekwa hospitali ya KCMC, Moshi.

Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina shauri lililonipendeza. Madaktari wake waliona ya kuwa majeruhi wengi hufika wakiwa wamekunywa, na kufunga mguu bila ya kuuliza habari ya chupa ni kazi nusu. Wakatengeneza mazungumzo mafupi, wakayaita "Punguza Pombe Kwa Afya Yako". Muuguzi aliyefundishwa hukaa na majeruhi kabla hajarudi nyumbani, akamwuliza bila ya kumkaripia: wanywa kiasi gani, kimekugharimu nini, wewe mwenyewe wataka nini? Kipimo wanachotumia kina maswali kumi, nacho kilitungwa na Shirika la Afya Duniani baada ya kujaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo.

Kijana aliporudi Masama, wazee walingoja Desemba, ambapo Wachaga waliotawanyika hurudi nyumbani, wakakaa kikao cha ukoo. Nilidhani ataniambia walimpiga faini. La. Walikubaliana kwamba fedha za kahawa zitaingia mkononi mwa mkewe, na baba mdogo atafuatana naye kila siku ya kliniki. Wakamwendea muuza gongo wakamwambia kuwa deni la kijana yule halitalipwa na mtu yeyote. Wala hawakumtaka aache kwa siku moja, kwa kuwa daktari aliwaonya: mlevi wa miaka mingi akikatishwa pombe ghafla aweza kutetemeka, kushikwa na degedege, hata kufa; sharti asimamiwe na mganga wa hospitali.

Alirudia ulevi mara mbili. Nikamwuliza mkwe, "Na mara ya pili hamkuchoka?"

Akasema, "Mkwe, mkahawa ukipigwa na chulebuni mwaka mmoja, wewe waung'oa?"

Sikuwa na jibu. Niliporejea kisiwani nilikwenda kumtafuta mpwa wangu.

Wanachama wenye jamaa kama wangu yafaa wajue yaliyopo kwetu. Nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, ambayo watu huiita soba hausi, ilifunguliwa Unguja mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Khasa huendeshwa na watu waliowahi kutumia unga wenyewe, na ndiyo maana mkaazi hawezi kuwadanganya. Huamka kwa saa, hufagia, hupika, huswali, na hukaa vikao vya kuelezana ukweli kwa kufuata hatua kumi na mbili. Siku za mwanzo ndizo za arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi.

Iko pia dawa ya methadoni. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, na Zanzibar ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu. Ikipimwa sawasawa huzuia arosto, naye akaweza kufanya kazi. Wako wasemao ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Nilikuwa mmoja wao. Lakini mwenye kunywa dawa yake asubuhi akarudi kazini si sawa na mwenye kuzunguka mchana kutwa akitafuta cha kuiba.

Na hili naomba mhariri alipige chapa nzito: aliyeacha unga kwa miezi, akarudia kwa kipimo chake cha zamani, aweza kufa hapo hapo, maana mwili umesahau. Basi siku za kutoka nyumba ya nafuu ndizo za kumwangalia zaidi.

Kuhusu chama chetu, rai yangu ni mbili tu. Anayetumia unga au pombe asipandishwe mkarafuu hata akililia. Apewe kazi ya chini. Na katika madago, mchumaji akitaka ujira wake uwekwe hadi mwisho wa msimu au upelekwe kwa mama yake, mwenye shamba akubali na aandike daftarini. Nauli ya boti ya kumpeleka mgonjwa Unguja ni jambo la kuzungumza katika mkutano ujao, nami safari hii nitasema.

Mpwa wangu ana miezi minane sasa. Nilipokwenda kumtazama, la kwanza kuniuliza lilikuwa kama mikarafuu ya bondeni imeshika. Msimu huu atakuwa kwangu jamvini, kuchambua makonyo, na usiku atalala kwa mama yake. Kufuli la ghala bado sijaliondoa, naye ameliona, na hakusema kitu.