Daraja Jipya Lipimwe kwa Mto

Usiku wa Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kiliingia nchi kavu kupitia Kisiwa cha Mafia, kikaanza kuishiwa nguvu. Upepo ulitulia, lakini maji yalikuwa bado na kazi. Ng'ambo ya bahari, Somanga wilayani Kilwa, mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, magari yakakwama pande zote mbili. Masika ya 2025 eneo hilohilo likakatika tena.

Kwa mkazi wa Kirongwe, kwenye barabara inayotoka Kilindoni kwenda Bweni na Rasi Mkumbi, habari hiyo si ya mbali. Mafia haina mto wa kulinganishwa na Rufiji, ila inapata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya pwani ya bara. Vijito vingi vya kisiwani ni vya msimu: kiangazi unavuka bila kulowa kiatu, masika vijiji viwili jirani vinatazamana tu. Kivuko kikibomoka, watu huuliza kipya kitajengwa lini, na kama kitakuwa cha zege au cha chuma. Mhandisi anaanzia kwingine: siku mbaya kuliko zote, maji kiasi gani yatapita hapa kwa sekunde moja?

Hesabu yake ya awali inaweza kufanywa hata nyuma ya daftari la shule. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba inaleta mita za ujazo 1,000 za maji. Tuchukue kijito kinachokusanya maji ya kilomita za mraba 10, na mvua ya milimita 100. Jumla ni mita za ujazo milioni 1. Tuseme nusu inazama ardhini, na nusu inapita kivukoni ndani ya saa 3: hizo ni mita za ujazo 46 hivi kila sekunde. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha sentimita 90, maji yakienda kasi ya mita 2 kwa sekunde, linapitisha mita za ujazo 1.3 tu. Yatahitajika mabomba zaidi ya 35. Anayeweka matatu kwa sababu zamani palikuwa na mawili hajajenga kivuko, amejenga bwawa.

Na hiyo nusu ya kuzama si ya kuaminika. Ardhi ya kichanga hunywa maji haraka siku ya kwanza ya mvua. Siku ya tano imeshiba, na karibu kila tone linaelekea mtoni.

Maji yakibanwa hayasubiri zamu. Tuta la barabara likiziba nusu ya upana wa mto, kasi katika nusu iliyobaki inaweza kukaribia mara mbili. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya msukumo inakuwa mara 4, na uzito wa jiwe linaloweza kusukumwa na maji unafika mara 64. Ndiyo maana madaraja mengi yanayochukuliwa na mafuriko huanza kuharibika chini, kwenye msingi. Maji yanapogonga nguzo sehemu yake inageukia chini, inajizungusha na kuchimba shimo miguuni pake. Mafuriko yakipungua, mchanga unarudi na kulifukia shimo. Mkaguzi anayekuja wiki moja baadaye anakuta sakafu ya mto imetulia kama haijaguswa. Uchimbaji wa namna hiyo ndio ulioangusha daraja la Schoharie, jimbo la New York nchini Marekani, mwaka 1987. Watu 10 walikufa.

Hapo linaingia suala la bahati. Wahandisi huzungumzia mafuriko ya miaka 100. Maana yake si kwamba yakija leo tupumzike karne nzima, bali kila mwaka yana nafasi ya asilimia 1 ya kutokea. Katika miaka 50 ya uhai wa daraja, nafasi ya kuyaona angalau mara moja inafika karibu asilimia 40. Katika miaka hiyohiyo 50, daraja lililopimwa kwa mafuriko ya miaka 25 lina nafasi ya asilimia 87 ya kukutana na maji yanayolizidi. Pwani yetu pia isidanganywe na utulivu wa miaka michache: Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwaka 1872, Lindi mwaka 1952.

Kisiwani kuna hesabu mbili za ziada. Bamvua ikijaa, bahari hupanda zaidi ya mita 3 kutoka kiwango cha maji kupwa na kuingia kwenye vijito vya mikoko. Mvua kubwa ikiangukia saa hiyo, maji ya mto hayana pa kutokea. Halafu kuna chumvi: inapenya kwenye zege, inafika kwenye nondo, nondo inapata kutu, inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Dawa yake ni zege lililoshindiliwa vizuri na kufunika nondo kwa unene wa kutosha.

Daraja jipya pia halilazimiki kukaa mahali pa la zamani. Kwenye Mto Wami, daraja jembamba la mwaka 1959 halikufikia mita 100. Jipya, lililoanza kutumika mwaka 2022, lina zaidi ya mita 500 na lilijengwa pembeni, huku la zamani likiendelea kupitisha magari.

Kijito kidogo hakina kituo cha kupimia maji, kwa hiyo takwimu zake zimo vichwani mwa watu. Mzee anayeonyesha mstari wa tope kwenye mnazi, na kutaja mwaka, anampa mpimaji kimo cha kuweka kwenye ramani. Kumbukumbu hizo zifikishwe kwenye mkutano wa kijiji kabla michoro haijafungwa, pamoja na maswali: mafuriko ya miaka mingapi yametumika? Bamvua imehesabiwa? Misingi inashuka chini ya shimo litakalochimbwa na maji? Mhandisi akijibu kwamba daraja litakuwa na ukubwa wa lile la zamani, bado hajaupima mto.