Gazeti la muziki kwa mabinti: linapangwa namna gani?



Wengi wanafikiri gazeti la muziki kwa mabinti wa miaka 12 mpaka 17 ni kazi nyepesi. Unaweka picha ya Fally Ipupa ku jalada, unaongeza rangi ya rozi, basi. Haiko vile. Ile kazi inaomba mpango, na kila uamuzi mu ile mpango unaonyesha namna tunamwona binti: ni mtu mwenye akili, ao ni mfuko wa makuta tu? Kati yetu kuna wenye kuwa na ndoto ya kuanzisha gazeti, na kuna wanafunzi ambao profesa aliwaomba maketi. Tuangalie basi hatua kwa hatua, pamoja na wale waliofanya mbele yetu.

1. Msomaji kwanza, nyota nyuma

Tuanze Ufaransa. Mwaka 1959, Daniel Filipacchi na Frank Ténot walianzisha kipindi cha vijana ku redio Europe 1, jina lake Salut les copains. Mwaka 1962 kile kipindi kikazaa gazeti lenye jina lile lile. Ni kusema, walijua vijana wao kupitia redio mbele ya kuchapa hata ukurasa mmoja. Tarehe 22 Juni 1963, kwa kusherehekea mwaka mmoja wa gazeti, waliwaalika ku konseri ya bule ku Place de la Nation, Paris. Vijana zaidi ya 150,000 wakafika, na wazazi wakashangaa. Mwaka 1964 Filipacchi akaongeza gazeti lingine kwa ajili ya mabinti peke yao: Mademoiselle Âge tendre.

Sisi wa agronomia tunafundishwa kupima udongo mbele ya kuchagua mbegu. Hapa pia ni vile. Kaa na mabinti 20, wazazi wao wakijua, na uulize: Unasikiliza muziki ku simu ya nani? Unasoma kwa raha Kifaransa cha masomo, ao Kiswahili cha nyumbani? Makuta yako kidogo inatoka wapi, na inaisha ku nini? Binti wa miaka 13 mara mingi hana simu yake. Anaazima ya kaka ao ya mama. Kama bei ya gazeti inalingana na chakula chake cha siku mbili ku masomo, hatalinunua peke yake. Watachanga watatu, watapitishana. Kama njo vile, unahitaji jalada gumu lenye kuvumilia mikono mingi. Umeona? Jibu la swali dogo limeshachagua karatasi.

2. Gazeti linaahidi nini?

Uingereza, mwaka 1978, Nick Logan alianzisha Smash Hits. Ahadi yake ilikuwa wazi: maneno ya nyimbo zinazopendwa, picha nzuri, na mazungumzo yenye kuchekesha. Waandishi wake hawakupiga magoti mbele ya nyota. Mmoja wao, Neil Tennant, aliacha kazi ya gazeti akawa mwimbaji wa Pet Shop Boys. Lakini mwaka 2006 Smash Hits ikafungwa. Maneno ya nyimbo yalikuwa yanapatikana bule ku intaneti, na video zilikuwa zinapita ku televisheni saa yote. Somo kwetu: usijenge gazeti juu ya kitu ambacho simu inatoa bule.

Basi inabaki nini? Inabaki sauti ya gazeti, ni kusema namna linavyozungumza na msomaji wake. Mfano: mwaka 1996, Peter Loraine, mhariri wa gazeti Top of the Pops, pamoja na wenzake walimpa kila mmoja wa wadada watano wa Spice Girls jina la utani: Scary, Sporty, Baby, Ginger, Posh. Dunia nzima ikayashika. Angalia nguvu ya meza ya wahariri! Lakini angalia pia hatari yake: binti mwenye kusoma anajiuliza yeye ni yupi kati ya wale watano, sawa vile msichana angekuwa na sura moja tu. Mpangaji mzuri anajua kama kila neno linaweza kuwa dirisha ao sanduku.

Tena jambo la sheria: maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi. Kwetu sheria ya haki za watunzi iko tangu mwaka 1986. Kama unataka kuchapa wimbo, omba ruhusa kwa maandishi. Wasanii wa mu mji wako wengi watakubali kwa furaha.

3. Ramani ya kurasa

Hapa wengi wanakwama. Gazeti la kushona na pini mu katikati linahesabiwa kwa 4, juu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa 4. Unaweza kufanya kurasa 24, 28 ao 32, hapana 30. Kwa ukubwa wa A4, kurasa 32 ni karatasi 8 za A3 zilizokunjwa. Mbele ya kufungua kompyuta, chora vyumba 32 vidogo ku karatasi, na uandike mu kila chumba kitu kitakachokaa pale.

Kurasa 16 na 17 njo katikati. Zile mbili ziko ku karatasi moja, hazikatwi na mshono. Ndiyo maana picha kubwa ya nyota inawekwa pale: binti anafungua pini, anatoa picha nzima, anaibandika ku ukuta. Ukiiweka ku 10 na 11, utachapa nusu ya uso ku karatasi moja na nusu ku ingine. Na usisahau kitakachoandikwa nyuma ya ile picha, ku kurasa 15 na 18. Kama ni mazungumzo makubwa, binti atayapoteza ao ataacha kubandika. Weka pale matangazo ao habari fupi.

Picha iwe na nguvu ya nukta 300 kwa inchi. Kwa ukurasa mzima wa A4 ni karibu nukta 2480 kwa 3508. Picha iliyopita mu WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa. Ku simu inang'aa, ku karatasi inakuwa ukungu. Omba mpiga picha akutumie faili yenyewe. Acha milimita 3 za ziada kila upande, juu kisu cha kukata hakifuati matakwa yako. Namna za herufi, mbili zinatosha, na maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 9: watu wanasoma na taa ya simu wakati umeme umekatika.

Jalada liwe na uso mmoja mkubwa wenye kumwangalia msomaji, jina la gazeti juu, na ahadi tatu ao nne. Kila ahadi ya jalada itimizwe ndani. Ukimdanganya binti mara moja, harudi.

4. Muziki uko wapi mu gazeti la muziki?

Kulikuwa na gazeti lingine Uingereza, Jackie, lililotoka mwaka 1964 mpaka 1993. Mabinti walilipenda sana, zaidi ukurasa wa barua wa Cathy na Claire, mahali walipeleka shida zao. Mu miaka ya 1970, mtafiti Angela McRobbie alilichunguza. Aliona kwamba mapenzi yalikuwa juu ya yote, na kwamba kurasa za muziki zilimpa binti sura ya nyota wa kuangalia, hazikumpa muziki wenyewe.

Hili njo jambo lenye ninaomba tulishike. Gazeti linaweza kumfundisha binti kumpenda mwimbaji. Linaweza pia kumfundisha kuimba. Kurasa 4 tu zinatosha: namna ya kushika gitaa, kazi ya yule anayerekodi sauti, mkataba ni nini. Na mifano tunayo. Abeti Masikini aliimba ku Olympia, Paris, mwaka 1973. M'Pongo Love aliugua miguu tangu utoto, na hata hivyo alisimama mbele ya watu akaimba. Céline Banza, na gitaa yake, alipata Prix Découvertes RFI mwaka 2019. Binti akiwaona hawa ku jalada, anaelewa kama jukwaa si la wanaume peke yao.

Ukurasa wa barua ubaki, lakini kwa akili. Mtoto kwetu ni mwenye hajatimiza miaka 18. Sheria ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema vile. Usichape jina lake lote, wala masomo yake, wala namba ya simu. Picha yake, paka kwa ruhusa ya mzazi. Barua yenye kuzungumza juu ya kupigwa ao kubakwa haijibiwi kwa mistari mitano. Mtafute mtu mwenye kazi ile, kama daktari ao mshauri, mbele ya gazeti kutoka.

5. Nani analipa?

Bei ya kuuza mara mingi haifunike gharama ya kuchapa. Unatafuta matangazo, na pale njo gazeti linapimwa. Mwenye atakuja wa kwanza na makuta mkononi anaweza kuwa muuzaji wa mafuta ya kuchubua ngozi. Mengine yanabeba hidrokinoni, mengine zebaki, na yanaharibu ngozi na figo. Ukikubali, ku ukurasa wa 8 unamwambia binti ana thamani, ku ukurasa wa 9 unamwambia ngozi yake ni kosa. Yeye atasoma yote mbili.

Kwa hiyo andika mapema, mbele ya toleo la kwanza, orodha ya matangazo ambayo hamtachukua, na kila mmoja wa kikundi asaini. Mfuko ukiwa mtupu, hamtakuwa na nguvu ya kuanza kujadiliana. Tafuteni wenye kuuza vitabu na madaftari, masomo ya muziki, washonaji, sabuni ya kawaida, pamba za hedhi. Kama makuta haitoshi kwa kurasa 32, fanyeni 16. Gazeti dogo linaweza kukua. Gazeti lililouza wasomaji wake mu toleo la kwanza, nani atalirudishia heshima?

Wadada wa page hii, mlipokuwa na miaka 14, mlikuwa mnatafuta nini mu magazeti na hamkukipata? Tuanzie pale.