Ok-Oyot System: benga na roki vilipokutana Nairobi

Kwa Kijaluo, "ok oyot" maana yake ni "si rahisi". Ndilo jina ambalo bendi ya Extra Golden iliipa albamu yake ya kwanza, Ok-Oyot System, iliyotolewa mwaka 2006 na Thrill Jockey, kampuni ndogo ya kujitegemea ya mjini Chicago, Marekani. Ukiijua historia ya albamu hiyo, utakubali kwamba jina halikutafutwa mbali.

Mambo yalianza mwaka 2004. Ian Eagleson, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Golden ya Washington, alikuwa Nairobi akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu juu ya muziki wa benga. Huko alishibana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa Orchestra Extra Solar Africa. Alex Minoff, mwenzake Eagleson katika Golden, alipokuja kumtembelea, wakaamua kurekodi pamoja, na dramu akazishika Onyango Wuod Omari. Majina ya bendi hizo mbili yakaunganishwa, ikazaliwa Extra Golden. Studio ya kifahari haikuwepo. Walikuwa na maikrofoni chache na kompyuta ya mkononi.

Benga, kwa wasioifahamu, ni muziki wa asili wa Wajaluo uliohamia kwenye gitaa. Vidole vya mpiga solo vinafuata mchezo wa nyatiti, chombo chenye nyuzi 8, na mwimbaji akinyamaza gitaa hudakia pale alipoachia. Mfalme wake, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alikuwa mzaliwa wa Shirati, mkoani Mara, Tanzania, akavuka mpaka na kupata umaarufu Kenya. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka huohuo wa 2006.

Katika albamu hii Wamarekani hawakuja kuchota mdundo na kuondoka nao. Jagwasi anaimba kwa Kijaluo chake, wao wanaimba kwa Kiingereza chao, na magitaa hayaombani ruhusa. Katika "Ilando Gima Onge" ni benga inayotangulia. Katika "It's Not Easy" roki inaingia na mikwaruzo yake, lakini dramu za Omari haziachi kuisukuma mbele. Upo pia "Osama Rach", yaani "Osama ni mbaya", kutoka katika jiji ambalo Agosti 7, 1998 lilishuhudia ubalozi wa Marekani ukilipuliwa kwa bomu na zaidi ya watu 200 kuuawa.

Jagwasi hakuishika albamu hiyo mkononi. Aliugua na kufariki dunia mwaka 2005, kabla haijaingia sokoni. Wenzake wangeweza kufunga ukurasa. Badala yake walimwita Opiyo Bilongo, nyota mwingine wa benga, wakaendelea.

Hata hapo haikuwa rahisi. Mwaka 2006 walipoalikwa kwenye tamasha la muziki Chicago, viza za Wakenya zilikuwa kizungumkuti, hadi ofisi ya seneta wa Illinois wakati huo, Barack Obama, ilipoingilia kati. Walimshukuru kwa wimbo "Obama" katika albamu ya pili, Hera Ma Nono, ya mwaka 2007, wakati bado hajawa rais. Ya tatu, Thank You Very Quickly, ilitoka mwaka 2009, na jina lake ni shukrani kwa waliochangia familia za wanamuziki hao wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007.

Sisi tulio ughaibuni, tunaoijua foleni ya viza na simu ya usiku inayoleta habari za msiba nyumbani, tunaielewa "ok oyot" bila mkalimani. Anayetaka kuijua Extra Golden aanze na albamu hii ya kwanza. Ndiyo waliyoitengeneza Jagwasi akiwa hai, na sauti yake humo ni ya mtu mwenye kazi nyingi mbele yake.