Mapafu yenye makovu: jinsi ya kumlisha mgonjwa anayehema

Kifua kikuu hupona kwa dawa, lakini kwa baadhi ya watu huacha makovu kwenye mapafu. Wachimbaji wa dhahabu, kama wale wa Chunya, nao wanaweza kupata makovu wakivuta vumbi la mawe kwa miaka mingi. Pafu lenye makovu hukakamaa na halitanuki vizuri. Ndiyo maana mgonjwa wako anahema akipanda kilima kidogo tu, ingawa alishamaliza dawa.

Kwa nini anakonda?

Kila pumzi inamgharimu nguvu nyingi, na nguvu hiyo hutoka kwenye chakula. Tena kutafuna kunamchosha, na tumbo likijaa sana linabana mapafu. Basi anaacha kula kabla hajapata cha kumtosha. Usidhani anadeka. Mwili ukikosa chakula hula misuli yake wenyewe, hata ile ya kuvutia pumzi, na kuhema kunazidi. Chakula hakiondoi makovu, ila kinalinda misuli hiyo.

Ufanye nini jikoni?

- Mpe chakula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku.
- Apumzike kwanza, kisha ale akiwa amekaa wima, bila kuharakishwa.
- Kichache anachokula kiwe na nguvu. Pika uji kwa maziwa na karanga safi zilizosagwa, zisizo na ukungu. Ponda viazi pamoja na parachichi. Mpe mayai yaliyoiva, maharage yaliyolainika au dagaa wa Kyela kwenye mchuzi wa karanga.
- Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake, ili yasimjaze gesi.
- Maji na chai anywe zaidi kati ya mlo na mlo, visije vikamshibisha kabla ya kula.
- Baridi ya Mbeya na Iringa hutuvuta karibu na moto wa kuni, lakini asikae kwenye moshi. Mpe blanketi.

Kama ana kisukari au ugonjwa wa figo, muulize mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha chakula chake.

Lini umpeleke kituo cha afya?

Mpime uzito kila mwezi na uandike. Akizidi kukonda, akipata homa au jasho jingi usiku, apimwe tena kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure. Akikohoa damu, akihema hata akiwa amekaa, au midomo ikiwa ya bluu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.