Kikapu, Pointi na Bao: Lugha ya Ukurasa wa Michezo na Shaka ya Wapenzi wa Mpira wa Kikapu



Mihadhara ya Kiswahili vyuoni mwetu imezoea kushughulikia ushairi, riwaya na historia ya usanifishaji. Ukurasa wa michezo tumewaachia wale wanaousoma wakiwa wamesimama mbele ya kibanda cha magazeti. Leo naomba turudi kwenye ukurasa huo, kwa sababu ya swali nililoulizwa Lugarawa miaka kadhaa iliyopita, ambalo sikuweza kulijibu papo hapo.

Lugarawa imo Wilaya ya Ludewa, katika nchi ya Wapangwa, na tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Njombe. Gazeti lililochapwa Dar es Salaam lilifika huko likiwa limepita Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, kisha Njombe, na njiani limekwisha kusomwa na abiria kadhaa. "Jana" iliyoandikwa ndani yake ilikuwa imegeuka juzi. Wasomaji walilijua hilo, wakaisahihisha kimoyomoyo, wala sikumsikia mtu akisema kwamba gazeti limedanganya. Nalitaja mapema ili ieleweke kwamba watu hawa hawakuwa wepesi wa kulaumu.

Kijana mmoja aliyekuwa ameichezea timu ya shule yake mpira wa kikapu alinijia na kipande cha gazeti kilichohifadhiwa ndani ya daftari. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, "hebu nisomee hapa." Habari ilikuwa fupi: timu yake ilishinda kwa "vikapu 41", na yeye peke yake "alifunga vikapu 14". Wenzake walimcheka. Walidai kwamba amemhonga mwandishi, kwani vikapu 14 si chini ya pointi 28, na timu nzima ilipata 41. Basi wengine walikuwa wakifanya nini? Yeye alikumbuka vizuri: alitumbukiza vikapu 5 vya kawaida na mitupo huru 4. Hizo ni pointi 14. Tarakimu ya gazeti ilikuwa sahihi, na bado alionekana mwongo. Swali lake lilikuwa hili: Je, gazeti limekosea, au wenzake ndio wasiojua Kiswahili?

Kosa hili lina asili yake katika kandanda. Lugha yetu ya kuripoti michezo ilikomaa viwanjani mwa mpira wa miguu, na huko kitendo na hesabu ni kitu kimoja. Mpira ukiingia wavuni mara moja, ubao unaandika 1. Kwa hiyo neno "bao" linataja tukio, na papo hapo linataja kipimo. Mwandishi aliyelelewa na kandanda akipelekwa kwenye uwanja wa kikapu hutafuta neno la kuweka mahali pa "bao", na lililo karibu ni "kikapu". Sentensi inabaki ile ile, nomino pekee inabadilishwa. Sarufi haikulalamika, mhariri hakushtuka, na habari ikachapwa.

Lakini katika mpira wa kikapu tukio na kipimo vimetengana. Mtupo huru una pointi 1, kikapu cha kawaida pointi 2, na kile cha masafa marefu pointi 3. Hili la tatu ligi ya Marekani ya NBA iliingia nalo katika msimu wa 1979/80, na shirikisho la kimataifa, FIBA, likafuata mwaka 1984. Mtu akisoma "vikapu 41" neno kwa neno, anaweza kupata pointi 41, ikiwa yote ni mitupo huru, au 123, ikiwa yote ni ya masafa marefu. Msomaji wa kawaida hataona tatizo. Ataona aliyewahi kucheza. Wapenzi wanaolalamika zaidi, basi, ndio wanaoujua mchezo zaidi, nasi wanaisimu tungefanya vyema kuwasikiliza kabla ya kuwaita wabishi.

Kihusishi "kwa" nacho kina lawama yake. "Ilishinda kwa mabao 3" katika kandanda hueleweka kuwa 3 kwa 0. Katika kikapu hakuna anayemaliza na sifuri, hivyo "ilishinda kwa pointi 8" huwa ni tofauti ya pointi. Basi "ilishinda kwa vikapu 41" ni nini? Jumla, au tofauti? Kipande kile cha gazeti hakikutaja timu pinzani ilipata ngapi.

Wako watakaoniambia kwamba maneno huhama, na kwamba "bao" lenyewe lilitoka kwenye mchezo wa kete. Nakubali. Sina ugomvi na "kikapu" kupanuka maana. Ugomvi wangu ni kwamba neno moja limebeba maana mbili zinazotakiwa kutofautishwa ndani ya habari ile ile. Tunapotaka kusema kwamba mchezaji alitupa vizuri akiwa mbali lakini akapoteza mitupo huru, lugha hiyo inatuishia mkononi.

Tutazame mfano ambao dunia nzima inaujua. Tarehe 2 Machi 1962, katika mji wa Hershey, Pennsylvania, Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alipata pointi 100 dhidi ya New York Knicks. Mchezo uliisha 169 kwa 147. Haukuonyeshwa kwenye televisheni, na waandishi wa New York hawakuwapo. Harvey Pollack, aliyetunza takwimu za Warriors, ndiye pia aliyeandika habari kwa ajili ya gazeti la Philadelphia na mashirika makubwa ya habari. Haishangazi kwamba hadi leo wapo wanaotia shaka. Hata hivyo kumbukumbu ya mchezo inawajibu: vikapu 36, mitupo huru 28. Zidisha 36 kwa 2, ongeza 28, ni 100. Mwandishi wetu angeandika "vikapu 100", ilhali mpira wa Chamberlain uliingia mara 64 tu, na jibu hilo lingepotea kabisa.

Mtanzania Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika NBA mwaka 2009, habari za kikapu zilipata wasomaji wapya, na upungufu wa msamiati ukaonekana zaidi, maana sifa yake haikuwa kufunga. Ilikuwa ni kuzuia mitupo ya wapinzani, na kudaka mipira iliyokosa kikapu na kurudi mchezoni. Ukisema tu kwamba "aliokoa mipira 10", lugha ya kipa, mpenzi wa kikapu atakuuliza ni ipi kati ya kazi hizo mbili, naye atakuwa na haki.

Kwa maoni yangu "pointi" ibaki kuwa kipimo, na "kikapu" kiwe tukio la mpira kuingia katika mchezo wa kawaida, mbali na "mtupo huru". Mwandishi anayeyatenganisha haongezi hata mstari mmoja katika safu yake.

Yule kijana nilimwambia hayo kwa kifupi, nikamshauri afute "vikapu" aandike "pointi". Alisita, aliona kwamba vikapu vyake halisi vilikuwa 5, na 5 haikumpendeza. Hatimaye alisahihisha kwa kalamu, kisha akaniomba niweke sahihi pembeni, kwani kipande hicho alikusudia kukipeleka alikotaka kuomba nafasi ya kucheza. Nilimjibu kwamba sikuwapo uwanjani. Amtafute aliyetunza karatasi ya alama. Akasema huyo alikuwa mwalimu wao wa michezo, na amekwisha kuhamishiwa Makambako.